Uzoefu wangu na MNE-Python: kuchambua umeme wa ubongo kwa kompyuta ndogo jijini Mbeya

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa ninatumia MNE-Python, programu huria ya kuchambua rekodi za umeme wa ubongo, katika utafiti mdogo unaohusu watu wazima wenye kifafa kutoka Mbeya na Mbozi. Katika nyanda hizi ufugaji wa nguruwe ni wa kawaida, na mayai ya tegu wa nguruwe yakimwingia mtu yanaweza kuzaa malengelenge katika ubongo, ambayo ni chanzo kimojawapo cha kifafa ukubwani. Kwa hiyo kazi hii ina uzito kwangu.

Sikuanza na programu hii kwa kuichagua. Kompyuta iliyokuja na mashine ya kurekodia iliharibika, na leseni ya programu yake ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta hiyo peke yake. Kilichotuokoa ni kwamba rekodi zilikuwa zimehifadhiwa kwa mpangilio wa EDF, uliochapishwa mwaka 1992 ili rekodi ya mashine moja iweze kusomwa kwa programu nyingine. Nilifikiria pia EEGLAB, ambayo nayo ni huria, lakini imeandikwa kwa ajili ya MATLAB, programu ya hesabu inayouzwa, na leseni ya MATLAB hatukuwa na fedha za kuilipia. MNE-Python hailipiwi chochote.

Niliogopa kwamba kompyuta yangu mpakato yenye RAM ya GB 4 isingeweza kazi hii, na hofu hiyo haikuwa na msingi. Rekodi ya dakika 20 yenye chaneli 20 (yaani mistari 20 ya mawimbi), kwa sampuli 256 kila sekunde, ni faili la takriban MB 12, na hata ikifunguliwa yote haifiki MB 50. Kinachokula bando ni data ya mfano inayotumika katika masomo mengi ya programu hii, kwani inazidi GB 1. Nashauri mwanafunzi aanze na faili zake mwenyewe. Maelezo ya kila amri yanasomeka ndani ya programu bila intaneti, jambo lililonifaa sana nyakati ambazo mtandao ulikuwa hafifu.

Ugumu upo, na upo mwanzoni kabisa. Programu inaposoma faili la EDF bila kuelekezwa, huzichukulia chaneli zote kuwa za ubongo. Chaneli yetu ya ishirini ilikuwa ya moyo, na kwa sababu nilitumia wastani wa elektrodi zote (vipokezi vinavyobandikwa kichwani) kuwa rejea, yaani kipimo kinachotolewa katika kila chaneli, mapigo ya moyo yalisambaa katika kila mstari wa mchoro. Nilipoteza siku mbili nikidhani elektrodi zilibandikwa vibaya. Dawa yake ni mstari mmoja wa kutaja aina ya chaneli hiyo. Vilevile faili la EDF hubeba jina la mgonjwa, hivyo ni lazima lifutwe kabla faili halijatoka mikononi mwa anayehusika, na amri ya kulifuta imo.

Katika kusafisha rekodi ndipo nilipoipenda. Mngurumo wa umeme wa gridi, ambao kwetu ni Hz 50 (mizunguko 50 kila sekunde), huondoka kwa kichujio kimoja. Misuli ni kazi ngumu zaidi: mwezi wa Juni na Julai watu hufika asubuhi wakiwa wamejikunyata kwa baridi, na shingo iliyokaza huandika mawimbi ya kasi ambayo huvamia hasa elektrodi za pembeni. Hapo hakuna kichujio kinachotosha, bali kumpa mtu shuka na muda wa kupata joto kabla ya kurekodi.

Kupepesa macho, ambako huonekana zaidi katika Fp1 na Fp2, elektrodi mbili za kwenye paji la uso, nilikuondoa kwa ICA, mbinu inayotenganisha mawimbi yaliyochanganyika kutoka vyanzo mbalimbali. ICA hufanya kazi vizuri zaidi mawimbi yaliyo chini ya Hz 1 yakiondolewa kwanza, nami nikayaondoa katika rekodi zote 38. Daktari tunayeshirikiana naye alipoangalia michoro aliuliza mawimbi ya polepole ya mgonjwa mmoja, ambayo alikuwa ameyaona kwenye karatasi ya awali, yamekwenda wapi. Nilikuwa nimeyafifisha mimi. Njia sahihi, ambayo imeelezwa wazi katika maelezo ya programu, ni kuifundisha ICA kwa nakala iliyochujwa kwa Hz 1, kisha kuitumia juu ya rekodi yenyewe iliyochujwa kwa kiwango cha chini zaidi. Kwa kuwa kila hatua niliyopitia ilikuwa imeandikwa katika faili la amri, niliona kosa lilipo, nikarekebisha sehemu hiyo kwa kiwango cha Hz 0.5, nikaendesha upya rekodi zote usiku uleule, na asubuhi daktari akayakuta mawimbi yake pale alipoyaacha.