Karatasi ya ngazi nne: miaka mitatu nikipima kusoma darasa la pili

Nafundisha darasa la pili wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Mwaka huu nina watoto 94 kwenye mkondo mmoja. Kifaa ninachotaka kuwaeleza walimu wenzangu ni karatasi moja tu yenye ngazi nne: silabi, maneno, aya na hadithi. Mtoto anakaa karibu nawe, anasoma, nawe unaandika amefika ngazi ipi.

Upimaji wa namna hii ulianzia India, kwa shirika la Pratham, ambalo lilianza kupita nyumba kwa nyumba nao mwaka 2005. Mwaka 2009 mpango uitwao Uwezo ukauleta Kenya, Tanzania na Uganda. Ulitengenezwa kwa ajili ya kaya, wala si kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni. Mimi nilitunga maandishi yangu kwa kufuata muundo huo, nikayachapisha steshenari ya hapa Ngudu na kuyafunika kwa nailoni. Karatasi tatu zinatosha kwa darasa zima.

Kabla ya hapo nilipima kwa sikio. Darasa zima linasoma ubaoni, ba be bi bo bu, sauti inatikisa bati, nami naondoka nikiamini wanajua. Siku ya kwanza nilipowaita mmoja mmoja chini ya mwembe ndipo nikaona. Binti mmoja ambaye siku zote sauti yake ilikuwa juu kuliko za wenzake aliitazama silabi "me" akanyamaza. Alikuwa akiwafuata wenzake kwa nusu pumzi nyuma, tangu darasa la kwanza. Iliniuma sana, maana kwenye daftari langu alikuwa na "vizuri sana".

Naanza na aya, kama wanavyofanya wale wa India. Akiisoma kwa makosa yasiyozidi matatu, anapanda kwenye hadithi. Akishindwa, anashuka kwenye maneno, ambako anatakiwa kupata manne kati ya matano, na akishindwa hayo pia anashuka kwenye silabi. Hakuna anayesomeshwa kila kitu, kwa hiyo kila mtoto huchukua kama dakika 4. Kwa watoto 94 ni zaidi ya saa sita, yaani vipindi 12 vya nusu saa na ushee, na hakuna ratiba itakayokupa nafasi hiyo. Ninachofanya ni kuwaita wanane kwa siku, wengine wakiwa wanaandika, na wiki ya tatu nakuwa nimemaliza.

Nimejaribu pia upimaji wa sekunde 60, ule wa kuhesabu maneno sahihi kwa dakika. Kwa utafiti unafaa, kwa sababu unampa mtu namba ya kulinganisha. Kwa watoto wangu sikuupenda. Wakiona simu inahesabu wanakimbia, wanameza viambishi, "wanalima" inakuwa "analima". Tena nikishajua kwamba mtoto amesoma maneno 22, bado sijui kesho nimfundishe nini. Nikijua amekwama kwenye maneno, najua nimpange kundi gani.

Sasa nije kwenye kasoro, maana ndizo zilizonifanya niandike. Kiswahili chetu husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika silabi, anaweza kusoma ukurasa wowote kwa sauti bila kuelewa hata sentensi moja, hasa kama nyumbani wanaongea Kisukuma tu. Aya yangu inasema: "Mbuzi wa Kulwa amekata kamba. Ameingia shamba la jirani. Amekula mahindi. Jirani amekasirika." Mvulana mmoja aliisoma bila kosa hata moja. Nikamuuliza, jirani amekasirikia nini? Akaisoma tena aya yote tangu mwanzo, vizuri kabisa, kisha akanitazama. Karatasi ya kawaida ingemweka ngazi ya juu. Mtoto yule anahitaji masimulizi, maneno mapya na mazungumzo, na silabi nyingine hazitamsaidia. Ndiyo maana sasa nauliza maswali mawili tangu kwenye aya, sisubiri hadithi. Na anayeshindwa kujibu kwa Kiswahili namruhusu ajibu kwa Kisukuma, kwa sababu ninachopima ni kama ameelewa alichosoma.

Jambo la pili ni r na l. Huku watoto wengi husema "kalamu" hata pale palipoandikwa "karamu". Je, ni kosa la kusoma au ni ulimi wa nyumbani? Mwanzoni nilikuwa naweka alama ya kosa na kuwashusha ngazi watoto waliokuwa wakisoma vizuri. Siku hizi nauliza, hiyo ni nini? Akisema ni ya kuandikia, amesoma vibaya. Akisema watu wanakula, amesoma sawasawa, na matamshi tutayashughulikia polepole. Swali hilo linachukua sekunde tano. Mpimaji mgeni akija bila kulijua, atawaonea watoto wa Kanda ya Ziwa.

Kwenye silabi pia nimeongeza mstari wa mwa, nyu, ng'o, ndwe. Karatasi yenye ba na ka peke yake inawapitisha watoto ambao wataanguka mara wakutane na "ng'ombe".

Kwa mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, nasema itumie, ila tunga maandishi yako na uyabadilishe kila muhula, kwa kuwa watoto huhadithiana na wa mwisho kwenye orodha huja wameshaikariri aya. Kwa mwalimu mkuu anayetaka wastani wa shule apeleke kwa afisa elimu kata, haifai. Itampa majina na makundi. Mwaka huu kundi langu la silabi lilianza na watoto 27. Jumatatu nawaita tena, naanza na yule binti mdogo wa dawati la nyuma, ambaye wiki iliyopita alisoma "maji" kwenye ndoo ya jikoni bila kuulizwa na mtu.