Mashine ya kukausha hewa ndani ya nyumba ya mawe: uzoefu wangu wa miezi saba

Nimeinunua katikati ya Aprili, masika yamekolea, kwa shilingi 680,000. Ni mashine ya umeme yenye kimo cha kiti, ina ndoo ya lita 6 tumboni mwake, na kwenye boksi imeandikwa kuwa inatoa lita 20 za maji kwa siku. Nyumba yetu iko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya mawe ya zamani. Chumba nilichoinunulia ni cha chini, anacholala mama. Kichochoro kilichopita nyuma yake ni chembamba, jua hulioni ila mchana wa saa sita.

Mama ana pumu. Bila ya hilo nisingetoa fedha zote hizo kwa mashine niliyokuwa sijaiona hata nyumba moja ya jirani.

Dalili tulikuwa nazo muda mrefu, ila kila moja tuliipa sababu yake. Chumba kikinuka uvundo tulisema ndiyo harufu ya nyumba za kale, tukafukiza udi. Mabuibui ya kuvaa yakitoka sandukuni na madoa ya kawa tulisema sanduku limekaa mno bila kufunguliwa. Vidoadoa vyeusi pembeni mwa dirisha tulivifuta kwa kitambaa, na baada ya wiki mbili vilikuwa pale pale. Vuli iliyopita ndipo tulipovuta kabati ili tufagie nyuma yake. Ukuta ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu, na ubao wa mgongo wa kabati umelainika kiasi kwamba kidole kilizama. Kuvu walikuwa wamejaa pale, mkono mmoja tu kutoka kichwani kwa kitanda cha mama.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa mwili wake ulikuwa umeshatuambia. Alipokwenda kukaa wiki moja kwa dada yangu Fuoni, kikohozi cha usiku kilipungua. Aliporudi, kikarudi naye. Ukiwa na mtu nyumbani anayekohoa au kupiga chafya akiwa ndani, akitoka anapata nafuu, usisubiri mpaka uone weusi ukutani. Vuta makabati leo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na humo wanasema wazi kuwa wanaoishi kwenye nyumba za namna hii wako katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya njia ya hewa na ya pumu kuzidi. Hawakuweka kiwango cha kuvu kinachosemwa kuwa ni salama. Wanasema kinga ni kuondoa unyevu wenyewe.

Kabla ya mashine tulimwita fundi rangi. Alikwangua, akapiga plasta ya simenti, akapaka mikono miwili ya rangi inayouzwa kuwa inazuia fangasi. Miezi mitatu ukuta ulipendeza. Kufika Machi rangi ikafanya malengelenge, na weusi ukatokea juu zaidi ya pale ulipokuwa mwanzo. Fedha ile naihesabu imepotea yote, na simlaumu fundi peke yake, kwa sababu sisi wenyewe tulimwambia apake na hatukumwuliza maji yanatoka wapi.

Sasa mashine. Kazi yake ni rahisi kuielewa: feni inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, mvuke unageuka matone kama vile gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho, matone yanaingia kwenye ndoo. Hewa inarudi chumbani ikiwa kavu na yenye joto kidogo. Ziko za aina nyingine zinazotumia kemikali ya kufyonza maji, lakini hizo zinafaa zaidi nchi za baridi. Kwa pwani yetu chukua hii yenye kompresa, maana joto letu ndilo linaloifanya ifanye kazi vizuri.

Pamoja nayo nilinunua kipima unyevu kidogo cha shilingi 25,000, cha kubandika ukutani, na hapa nasema kwa moyo wote: kama huna uwezo wa mashine, nunua hiki. Kabla sijawasha chochote kilisoma asilimia 86 usiku. Ushauri wa Shirika la Mazingira la Marekani ni kuweka unyevu wa ndani chini ya asilimia 60. Namba hiyo moja ilinyamazisha mabishano yote ya nyumbani kuhusu kama chumba kina unyevu au tunajidhania.

Usiku wa kwanza nilifunga mlango na madirisha, nikaiwasha saa tatu. Alfajiri mama alipoamka kwa sala, ndoo ilikuwa imejaa na mashine imejizima yenyewe. Kipimo kilisoma 61. Wiki ile ya kwanza nilimwaga ndoo mara mbili kwa siku, kwa hiyo lita 11 au 12. Lita 20 sijawahi kuziona. Nilikuja kuelewa kuwa namba ya kwenye boksi hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, tena mashine ikifanya kazi saa 24. Masika yetu hayako mbali na hali hiyo, lakini hakuna anayeacha kitu kinanguruma chumbani usiku na mchana.

Inanguruma kweli. Mama alihitaji siku nne kuzoea, na sasa tunaiwasha zaidi mchana akiwa barazani. Chumba kinapata joto la nyuzi moja au mbili zaidi, na kwa mwezi wa Aprili hilo linasikika. Umeme: kibandiko chake kinasema wati 320, nami huiwasha kwa muda wa saa kumi, kwa hiyo ni uniti tatu na kidogo kwa siku, karibu uniti 96 kwa mwezi. Pigia hesabu Tukuza yako, yaani umeme wa kulipia kabla, kabla hujanunua. Kichujio cha vumbi kinatolewa kwa mkono na kuoshwa, mimi hufanya hivyo kila Ijumaa. Maji ya ndoo si ya kunywa wala ya kupikia.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Nilizima mashine saa nne asubuhi kipimo kikiwa 57, mlango umefungwa, hakuna aliyeingia. Saa saba mchana kilikuwa 79. Kama ni hewa ya nje tu inayopenya, isingepanda kwa kasi ile kwenye chumba kilichofungwa, tena mchana, wakati unyevu wa nje huwa umeshuka. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya chumba chenyewe.

Nikafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nilikata kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, cha ukubwa wa sahani, nikakausha sehemu ya ukuta na kukibandika kwa seloteipu pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Maji yakijikusanya upande wa chumbani, tatizo ni mvuke wa ndani: kupika, kuanika nguo ndani, kuoga na mlango wazi, au ukuta uliopozwa na kiyoyozi. Yakijikusanya upande wa nyuma, unaogusana na ukuta, basi ukuta wenyewe umelowa. Kipande changu kilikuwa kikavu mbele. Nilipokibandua, nyuma kilichuruzika.

Hapo nikamtafuta fundi mzee anayefanya kazi za chokaa. Alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagusa kwa kiganja.

"Mwanangu, simenti hii ndiyo inayokupandishia maji. Ukuta huu ni matumbawe, udongo na chokaa. Unakunywa, halafu unatoka jasho. Mmemziba jasho lake, basi anatafuta pengine pa kutokea."

"Kwa hiyo mzee wangu, hii mashine niiuze?"

"Usiiuze, itanisaidia kukausha. Lakini kwanza nipeleke juu nikaone maji yanapitia wapi."

Juu alikuta mlizamu, wengine mnasema gata, umepasuka kwenye maungio. Kila mvua ilikuwa inateremka kwenye ukuta wa kichochoroni badala ya kwenda kwenye bomba. Tangu sehemu ya jumba la kale la Beit-al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, sisi wa Mji Mkongwe tukiambiwa ukuta unakunywa maji hatulali. Mlizamu ulibadilishwa siku ya pili.

Simenti ikabanduliwa yote mpaka juu ya kiuno. Fundi alituonyesha pia unga mweupe uliotoka kwenye mawe, akasema huo ni chumvi inayoletwa na maji, si kuvu. Unaujua kwa kuudondoshea maji: chumvi inayeyuka, kuvu wanabaki na kupakaa. Kisha tukaacha ukuta wazi wiki sita, mashine ikifanya kazi kila siku, na hapa ndipo ilipolipa gharama yake. Ndoo zilikuwa zinapungua wiki hadi wiki, nikiandika kwenye daftari. Lita 11, lita 9, lita 5. Fundi akapiga plasta ya chokaa iliyoroweshwa miezi mingi, na juu yake akapaka chokaa nyeupe, si rangi ya mafuta. Chokaa inauacha ukuta upumue, na ukali wake kuvu hawaupendi.

Upande wa usafi nina neno moja la kuwaomba. Msikwangue kuvu wakiwa wakavu, mbegu zao zinaruka na kuingia vifuani. Walowesheni kwanza, vaeni barakoa, fungueni dirisha, mgonjwa akae mbali. Kwenye vigae na vioo maji ya sabuni yanatosha. Jiki inafuta weusi, lakini kwenye plasta kuvu hubaki ndani, na msiichanganye na siki kamwe, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Eneo likizidi kama mita moja mraba, muachieni mtu mwenye vifaa. Godoro na ule ubao wa kabati tulivitupa. Mkeka ukilowa na mvua, uanikeni ukauke ndani ya siku moja au mbili, zaidi ya hapo kuvu wanaanza.

Mashine naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Muuzaji aliniambia itamaliza fangasi, na hilo si kweli: ingekuwa ni hiyo peke yake, ningekuwa nachota maji ya mvua kutoka ukutani kila siku huku mlizamu ukiendelea kuvuja. Kama foili yako imelowa mbele, mashine itakufaa moja kwa moja, ingawa jaribu kwanza kusogeza makabati kiganja kimoja kutoka ukutani na kuanika nguo nje. Kama imelowa nyuma, fedha ya kwanza mpe fundi wa paa na chokaa, ya pili ndiyo ununue mashine. Kipima unyevu nakipa nyota zote tano.

Leo ni Novemba, vuli imeanza, na nimetazama kipimo kabla sijaandika: 63, mashine imezimwa tangu juzi. Mama analala chumbani mwake na kabati limekaa upande wa pili. Kikohozi hakijaisha, ila haamki tena usiku kukaa kitako. Chumba cha stoo kule nyuma bado kina simenti yake ya zamani, na fundi amesema tusubiri kaskazi ianze kuvuma, ndipo aje aibandue.