Mkopo wa nyumba wakati uchumi umedorora: nyota tatu, na sababu zake

Niseme mapema ili usisubiri: mkopo tuliupata, nyumba tunaishi ndani yake, na benki bado naipa nyota tatu kati ya tano. Jina silitaji, maana nimeongea na watu kadhaa waliokopa kwingine na hadithi zao zinafanana na yangu kama mapacha. Nilichojifunza ni hiki: riba inayosomwa kwenye taarifa ya habari na riba inayoandikwa kwenye mkataba wako ni ndugu wa mbali. Hukutana misibani tu.

Tulianza kutafuta nyumba wakati uchumi unaanza kuyumba. Kazini kwetu watu walikuwa wanapunguzwa kila baada ya miezi michache, na kila niliyemgusia habari ya kununua alinitazama kama mtu mwenye homa. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Uchumi ukidorora, benki kuu hushusha riba ili watu wakope na biashara zipumue. Wanunuzi nao hujificha, kwa hiyo wauzaji wanalegea. Riba ndogo, bei ndogo, unataka nini tena? Nilikuwa na mifano mfukoni: Desemba 2008, baada ya mabenki kuporomoka, Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi kati ya asilimia 0 na 0.25. Januari 2021, kwa takwimu za Freddie Mac, shirika la Marekani linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, wastani wa mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenye riba ya kudumu kule Marekani ulifika asilimia 2.65. Oktoba 1981 mkopo wa aina hiyohiyo ulikuwa umepita asilimia 18. Nikajiona mjanja kweli.

Mfano mmoja niliuruka, na ndio ungenisaidia zaidi. Machi 15, 2020, Benki Kuu ya Marekani ilishusha tena riba hadi karibu na sifuri. Siku nne baadaye wastani wa riba ya mikopo ya nyumba ulikuwa asilimia 3.65, wakati mwanzoni mwa mwezi huohuo ulikuwa 3.29. Benki kuu inashuka, mkopo unapanda. Sababu ni kwamba mkopo wa riba ya kudumu haufuati riba ya benki kuu moja kwa moja. Unafuata gharama ya fedha za muda mrefu kwenye soko la hatifungani, yaani hati za madeni ambazo serikali na makampuni huwauzia wawekezaji, kisha benki inaongeza faida yake juu. Watu wakiogopa, hiyo nyongeza inanenepa. Na benki nayo ni mtu mwoga.

Sisi hofu yao tuliiona siku ya kwanza. Ofisa mikopo, kijana mpole sana (nyota moja kati ya zile tatu ni yake peke yake), alipokea makaratasi yetu: taarifa za benki za miezi sita, slipu za mshahara, barua za mwajiri. Mshahara wangu aliukubali wote. Wa mke wangu, ambaye yuko kwenye mkataba wa muda, aliukata nusu kwenye hesabu zake. "Samahani mama," akamwambia, "zamani tungeuchukua wote. Utaratibu umebadilika mwezi uliopita." Mke wangu akamuuliza kama na deni nalo watalihesabu nusu. Kijana akacheka, ila nusu ilibaki nusu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho matangazo hayakisemi. Riba inaposhuka kwa sababu ya mdororo, mlango nao unakuwa mwembamba. Malipo ya awali yanaongezwa, ajira za mkataba zinatiliwa shaka, na uwezo wako unapimwa kana kwamba riba tayari imepanda. Sisi tulipimwa kwa riba ya mkopo na asilimia 3 juu yake. Hilo la mwisho siwalaumu. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na riba ya asilimia 0.1 Machi 2020, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa 5.25. Aliyekopa kwa riba inayobadilika huku akimudu marejesho ya wakati wa 0.1 tu, huyo alikuwa na shida kubwa.

Tathmini ndiyo iliyofuata. Nyumba tuliyoitaka ilikuwa sokoni miezi kumi na moja na bei tulishaelewana. Chukua bei hiyo kama 100. Mthamini wa benki akaja, akapima, akapiga picha hadi tangi la maji, akaandika 92. Benki inakopesha asilimia 80 ya bei au ya tathmini, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo mkopo ukashuka kutoka 80 hadi 73.6, na fedha tunayotakiwa kutoa mfukoni ikapanda kutoka 20 hadi 26.4. Nilikasirika usiku mzima. Asubuhi mke wangu akasema kitu cha maana: ile karatasi tumpelekee muuzaji. Tukampelekea. Alikunja uso, akazunguka nyumba mara mbili, akashuka hadi 95. Kwa hiyo tulihitaji 21.4, na tulikuwa nayo. Ada ya mthamini iliniuma wakati wa kuilipa, lakini hakuna fedha niliyoitumia katika safari hii yote iliyonirudishia zaidi ya ile.

Sasa nije kwenye mkataba, maana hapa ndipo nyota mbili zilipopotelea.

Walitupa njia mbili. Ya kwanza, riba inayobadilika: riba ya benki kuu ukijumlisha 2.5. Wakati huo benki kuu ilikuwa kwenye 3, kwa hiyo tungeanza na 5.5. Kila mtu alikuwa anasema itashuka, na nilikuwa tayari kusaini. Wakili wetu akaweka kidole kwenye kifungu fulani ukurasa wa kumi na nne: riba haitashuka chini ya asilimia 5 kwa hali yoyote. Yaani sakafu. Benki kuu ikianguka hadi 1, mimi ningestahili 3.5, lakini ningeendelea kulipa 5. Kwa mkopo wa miaka 25, kila laki moja uliyokopa ina rejesho la takriban 585 kwa mwezi ukiwa kwenye 5, na takriban 501 ukiwa kwenye 3.5. Hiyo tofauti ya 84 kila mwezi kwa kila laki ndiyo iliyokuwa imelala ukurasa wa kumi na nne, kwa herufi za kawaida kabisa, bila aibu. Dari la kuizuia riba isipande halikuwepo. Nilitafuta.

Sikuwa wa kwanza kukutana na sakafu. Huko Hispania vifungu vya namna hii vilijaa kwenye mikopo ya nyumba, riba za soko zilipoporomoka baada ya 2008 watu wakashangaa marejesho yao yamegoma kushuka. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivibatilisha Mei 2013 pale ambapo mteja hakuelezwa waziwazi, na Desemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema warudishiwe fedha zote walizolipishwa zaidi, si za tangu hukumu tu. Nilimtajia ofisa wetu habari hiyo. Alisikiliza kwa heshima, akaenda kumuuliza mkuu wake, akarudi na jibu kwamba kifungu hakiondoki. Angalau alikiri kwamba alipaswa kutueleza kabla hatujakiona wenyewe.

Njia ya pili ilikuwa riba ya kudumu kwa miaka mitano, asilimia 4.2, halafu baada ya hapo inabadilika. Tukaichukua. Wakatupa barua: riba hii imeshikiliwa kwa siku 60. Nikaiweka kwenye faili nikilala usingizi mzuri.

Siku 60 zilikuwa zao, lakini saa ilikuwa inakimbia upande wetu. Mthamini alichukua siku 41 hadi taarifa yake kufika. Kisha idara ya mikopo ikaomba slipu mpya za mshahara kwa kuwa zile za mwanzo zilikuwa "zimepitwa na wakati", zilizopitwa na wakati mikononi mwao. Idhini ikatoka siku ya 67. Riba mpya: 4.6. Wiki hiyohiyo benki kuu ilikuwa imeshusha riba yake, na nilisikia habari hiyo nikiwa foleni kwenye kaunta yao. Kwa kila laki rejesho likatoka 539 hadi 562. Nilipolalamika niliambiwa tarehe zilikuwa kwenye barua. Ni kweli zilikuwepo. Ambacho hakikuwepo ni sehemu inayosema kitu gani kinatokea kuchelewa kukiwa ni kwao. Kama utapewa barua ya namna hiyo, omba waandike hapo hapo kwamba ucheleweshaji wa benki unasogeza tarehe, na siku zako anza kuzihesabu tangu siku ya kwanza, usiwaachie wao.

Bima, ada ya wakili, ada ya kushughulikia mkopo: zote zilikuja kama zilivyoahidiwa, sina la kusema. Nawasifu pia kwa jedwali la marejesho walilotupa bila kuombwa mara mbili. Ukiliona mara ya kwanza unaweza kuzimia: katika rejesho la mwezi wa kwanza la 562, riba ni 383 na deni lenyewe linapungua kwa 179 tu. Wanaruhusu kulipa ziada hadi asilimia 10 ya deni kwa mwaka bila adhabu, na ziada hiyo inakwenda kupunguza deni moja kwa moja. Tunaitumia.

Kabla ya kusaini tulijiwekea sharti moja, na ndilo lililonifanya nilale: akiba ya marejesho ya miezi sita ikae kando, isiguswe hata kwa pazia. Ilimaanisha kuhamia na fanicha chache sana. Wageni wanakaa kwenye mkeka na hakuna aliyefariki. Bei ya nyumba inaweza kushuka hata ikawa chini ya deni, na sisi hatuendi popote, hivyo hainitishi. Kinachotisha ni mshahara kukatika wakati kila nyumba mtaani inauzwa na hakuna mnunuzi.

Nyongeza, miezi saba baadaye: riba zimeshuka tena, na benki imetuandikia kwa furaha kubwa kwamba tunaweza kuhamia kwenye mkataba mpya wa asilimia 4. Nilikaa na kikokotoo. Kwa miaka minne na ushei iliyobaki kwenye kipindi cha riba ya kudumu tungeokoa kama 2,500 kwa kila laki. Adhabu ya kuvunja mkataba wa sasa ni asilimia 3 ya deni, yaani karibu 3,000, na ada ya mkataba mpya iko juu ya hapo. Barua yao haikuitaja adhabu hata mara moja. Nimewaandikia kuuliza kama wanaweza kuiondoa, kwa kumbukumbu ya zile siku saba za mwaka jana. Yule kijana amenijibu kwamba amelipeleka kwa mkuu wake. Nyota ya nne nimeishika mkononi.