Tuisheni ya hesabu ya jioni Majengo, Moshi: mnaorisiti nendeni

Naandika hii kwa watu wazima wenzangu wanaopiga kazi mchana na wanataka kurudia hesabu ya kidato cha nne kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, maana najua hapa mjini tupo wengi na wengine mnaona aibu hata kuulizia. Ile tuisheni ya Majengo yenye geti la bluu, jirani na gereji, nendeni kabisa. Haina bango wala matangazo, ukifika mtaani uliza tu tuisheni ya Madam utaonyeshwa.

Kilichonikamata ni kwamba Madam haanzi na mada za kidato cha nne. Kila mgeni anapewa kwanza karatasi ya maswali ya kidato cha kwanza na cha pili tu, sehemu, asilimia, mabano, logi, na hapo ndo unajua kwa nini ile pepa ilikushinda. Kulikuwa na kaswali kadogo, 3/4 − 2/5 ÷ 1/2, karibu darasa zima wakaanza kutoa, wakati MAGAZIJUTO tumeimba wote shule ya msingi jamani, kugawanya kunatangulia. 2/5 gawanya kwa 1/2 unapata 4/5, halafu 3/4 toa 4/5 inakuja −1/20, na hapo tena kuna watu wakiona jibu hasi wanaogopa wanafuta alama wanaandika 1/20. Madam alikaa na hilo swali moja muda mrefu sana, akaita mtu mmoja mmoja ubaoni aeleze kila hatua kwa mdomo wake, na ukiandika jibu bila njia hasahihishi, anakurudishia daftari.

Halafu akatupigia hesabu ya pepa yenyewe, hii sikuwahi kuelezwa popote. Pepa za miaka ya karibuni zina maswali 14 na yote unafanya, seksheni A maswali 10 ya maksi 6 kila moja, seksheni B maswali 4 ya maksi 10. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Kwa hiyo ukipata matano tu ya seksheni A bila kuangusha maksi tayari una 30, ukipata manane una 48 hata B hujaigusa! Na seksheni A mengi yanasimama kwenye vitu vya chini huko, namba, logi, seti, aljebra, uwiano, faida na hasara. Kuna sehemu nyingine mjini nilisoma kabla, wao walitupeleka moja kwa moja kwenye matriksi na vekta, mwalimu anasolvu ubaoni sisi tunakopi, mwezi ukiisha unatoa hela nyingine, na mtu kujumlisha sehemu bado hajui. Iliniuma sana ile hela.

Kingine kizuri, Madam anatumia zile ripoti za NECTA, Baraza la Mitihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zipo bure kwenye tovuti yao, na ndani wameweka kazi halisi za waliopatia na waliokosea pamoja na maelezo. Yeye anaprinti kurasa, anaficha maelezo, tunatafuta wenyewe kosa liko mstari wa ngapi. Baada ya hapo anatunga ya kwake ya namna hiyohiyo, mfano mtu kaandika log 25 + log 4 ni log 29, wakati unazidisha unapata log 100 ambayo ni 2. Siku ya faida akauliza sweta umeinunua 8,000 ukauza 10,000 faida ni asilimia ngapi, dada mmoja anayeuza mitumba soko la Memorial akasema 20 akabishana kweli kweli, mpaka akaonyeshwa kwamba ile 2,000 unaigawa kwa hela uliyonunulia sio uliyouzia, inakuja 25. Tangu siku hiyo yeye ndo anawaelekeza wenzake mada hiyo, na anaelekeza vizuri.

Mapungufu yapo. Joto, chumba kimoja na dirisha moja, na gereji hawanyamazi mpaka giza liingie, ukikaa nyuma nusu ya maneno hayakufikii. Ubao mdogo, hatua za mwanzo zinafutwa hujamaliza kuandika. Maumbo anachora kwa mkono bila bikari wala rula, kwa mada ya duara hii sio sawa kabisa, mtu anayeanza anahitaji kuona pembe imekaa vile inavyotakiwa. Na kuanza kwa wakati bado.

Ada nilikuta 25,000 kwa mwezi, fotokopi unajitegemea, ukikwama unalipa nusu nusu na hakuna anayekusimamisha mbele za watu. Jumamosi asubuhi ni ya wanafunzi wa shule, sisi wakubwa ni jioni za katikati ya wiki, usichanganye ukafika bure.

Madam ukiisoma hii, tunaomba kundi la pili la jioni. Viti vya mbele vinaisha kabla ya saa kumi na moja na nusu, na wanaotoka kazini hospitali ya KCMC wanaishia kusimama mlangoni na daftari mkononi, hao ndo hawana muda mwingine wa kusoma.