Ripoti ya takwimu za mtihani kwenye Moodle: swali bovu halina pa kujificha

Nasimamia benki ya maswali ya mtihani wa kitaaluma wa uhasibu, na ripoti ya takwimu ya Moodle, programu ya kuendeshea masomo na mitihani mtandaoni, ndiyo ninayoifungua kabla sijagusa orodha ya matokeo. Wakubwa huuliza kwanza wamefaulu wangapi. Mimi huuliza kwanza maswali yamefaulu mangapi.

Programu haina ada ya leseni na ripoti imo humo humo, hununui kitu cha ziada. Kila swali lina mstari wake. Kuna wepesi, yaani wastani wa alama zilizopatikana kwa asilimia, na kuna upambanuzi: je, waliofanya vizuri kwenye maswali mengine ndio waliolipata na hili? Mwongozo wa Moodle unasema upambanuzi wa 50 na kuendelea ni mzuri sana, chini ya 20 ni dhaifu mno, na ukiwa hasi swali lenyewe huenda si halali.

Nitoe mfano. Swali lilihusu bidhaa zilizobaki ghalani: gharama 500, bei ya kuuza 520, gharama za kuuzia 40. Thamani ya kuandika kwenye hesabu ni ipi? Wepesi ulikuwa 31, ukadhani ni swali gumu tu. Upambanuzi, hasi 22. Nikafungua mchanganuo wa majibu, nikakuta wengi wamechagua 480. Na ndilo jibu! Ukitoa 40 kwenye 520 unabaki na 480, na kanuni inataka kiasi kilicho kidogo kati ya hicho na gharama. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa umeandikwa 500. Kwa hiyo waliojua kazi walinyimwa alama, na waliosahau gharama za kuuzia wakazawadiwa. Tukarekebisha, tukasahihisha upya swali hilo, watahiniwa kadhaa wakavuka mstari wa kufaulu. Bila ripoti hii wangerudia mtihani mzima kwa kosa la karani.

Safu ya uzito halisi nayo naipenda. Unaweza kulipangia swali alama 5, kumbe mchango wake katika kuwatofautisha watahiniwa ni kama wa alama moja, kwa sababu karibu wote wamelipata. Watunzi hawapendi kuonyeshwa safu hiyo.

Sasa mapungufu. Mchanganuo wa majibu unahesabu waliochagua A, B, C au D, basi. Hauonyeshi kama kipotoshi fulani, yaani chaguo lisilo sahihi, kiliwavuta walio dhaifu au walio hodari, na hilo ndilo mtunzi analotaka kujua akikaa kurekebisha swali. Mimi hupakua majibu yote na kuyapanga kwenye Excel: theluthi ya juu, theluthi ya chini, kila chaguo na safu yake. Inachosha.

Tena, watahiniwa wakiwa wachache, namba zinayumba. Darasa la watu 15, mmoja akibahatisha, upambanuzi unaruka. Hapo usifute swali kwa sababu ya ripoti, lisome kwa macho yako kwanza. Na kama mfumo unaruhusu kurudia, angalia ripoti inahesabu jaribio lipi. Ukiiacha ihesabu jaribio lenye alama za juu kabisa, kila swali litaonekana jepesi. Mimi huchagua jaribio la kwanza.

Alama ya kufaulu usiitafute humu. Ripoti haijui mhasibu anayeanza kazi anapaswa kujua kiasi gani. Kwa hilo unaita jopo la wataalamu, wanapitia swali moja moja kwa njia ya Angoff na kukadiria ni wangapi kati ya watahiniwa 100 wa kiwango cha chini kinachokubalika wangelipata. Ni siku nzima ya kubishana, na chai nyingi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka mpaka watakapochanganua vipotoshi.