ISO 12215-5, kiwango cha kimataifa cha kukokotoa unene wa bodi za boti ndogo: niliyoyaona baada ya kuinunua kwa ajili ya boti ya mita 9

Mjomba alinifundisha kupanga mataruma kwa shibiri, na mashua zake za mbao zimevuka mkondo wa Pemba miaka mingi. Nilipoingia kwenye faiba, shibiri haikunifaa. Boti yangu ya pili ilikuwa inapumua chini ya omo: ukiikimbiza kwenye mawimbi unaiona faiba ikiingia na kutoka. Nikaongeza mikeka ya nyuzi za faiba. Ikawa nzito, ikanywa mafuta, na bado ikapumua.

Ndipo nikanunua kiwango hiki, toleo la 2019, cha vyombo vya bodi moja, visivyo na mirengu, vya hadi mita 24. Bei ni kwa faranga za Uswisi na inauma, hasa ukigundua kwamba mpangilio wa mataruma na maungio uko sehemu ya 6 na usukani sehemu ya 8, kila moja inauzwa peke yake. Ngalawa haimo. Na anayejenga chombo cha mbao cha uvuvi chini ya mita 12 asitoe pesa kwanza: mapendekezo ya usalama ya 2012 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO), kazi (ILO) na bahari (IMO) yana viambatisho vya ujenzi, na ni bure.

Kwangu mimi, hata hivyo, pesa imerudi. Kanuni yake inasema unene unafuata nafasi kati ya mataruma moja kwa moja, ila shinikizo la maji linaingia kwa kipeuo cha pili. Shinikizo likizidi maradufu, unene unapanda kwa asilimia 41 tu. Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa nafasi ya sentimita 60! Nilipoileta 40, unene ukashuka kutoka milimita 12 hadi 9. Nilitegemea 8, lakini eneo dogo huhesabiwa shinikizo kubwa zaidi, maana pigo la wimbi hulilemea lote kwa mara moja. Hata hivyo ni mikeka mitatu ya gramu 450 kwa mita ya mraba niliyookoa.

Mteja alitaka daraja C la kiwango hicho, la boti ya kuhimili mawimbi ya hadi mita 2, kwa kuwa ni nafuu. Nilikataa. Boti itakayobeba watu kwenda Pemba wakati wa kusi naijenga kwa daraja B, la mita 4, au siijengi.

Tuliishusha majini Julai. Nililala kifudifudi pale omo, kiganja kikiwa juu ya faiba, nahodha akaongeza moto. Ilitetemeka kwa mashine tu.