LibreOffice kwenye steshenari yangu: miaka mitatu bila Office ya kuiba

Nina steshenari ndogo Morogoro. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine moja ya kopi, na benchi la wateja ambalo halikauki watu kipindi cha wanafunzi kukabidhi ripoti za utafiti. Mimi si mtaalamu wa kompyuta, ni mchapaji. Kutwa nachapa barua za kuomba kazi, wasifu, mitihani ya shule, mihtasari ya vikao vya vikoba, hadi kadi za michango ya harusi.

Kwa miaka mingi kazi zote hizo nilizifanya kwa Microsoft Office ya kuiba, yaani Word na Excel zisizolipiwa leseni. Sina sababu ya kujificha, steshenari nyingi ninazozijua zimepitia huko. Fundi anakuja na flashi, anazima antivairasi, anabofya kitu, unampa elfu kumi, mnaagana. Mpaka siku moja wateja wakaanza kurudi na flashi zao: mafolda yote yamegeuka shotikati, ukifungua hukuti kitu. Mwalimu mmoja alikuwa na mitihani ya muhula mzima humo. Bahati nzuri faili zilikuwa zimefichwa tu, tukazirudisha, lakini maneno yalishatembea mtaani: "Pale kwa mama usichomeke flashi." Nikapiga hesabu ya kulipia leseni kwa mashine tatu, kila mwaka, nikaona hiyo ni kodi ya fremu ya pili. Mpwa wangu ndiye aliyeniambia, "Shangazi, weka LibreOffice, inafanya kazi zilezile za Office bure, uachane na mafundi."

Niliipakua usiku kwa bando la simu, kama MB 350 hivi, nikaihamishia kompyuta nyingine kwa flashi. Haikuniomba namba ya leseni wala kujisajili, na haina tarehe ya kuisha. Ni programu huria, kwa hiyo kuiweka kwenye mashine tatu za biashara si kosa. Ndani unakuta Writer ya kuchapia, Calc ya mahesabu, Impress ya slaidi, Draw ya michoro, na nyingine mbili ambazo mimi naziangalia kwa mbali.

Wiki ya kwanza kijana wangu wa kazi alinung'unika kweli. Vitufe haviko alipovizoea. Dawa yake iko kwenye menyu ya View, sehemu ya User Interface: ukichagua Tabbed, juu panapangika karibu kama alivyozoea. Pia niliiweka ihifadhi kila kitu kwa docx, aina ya faili ya Word, moja kwa moja, maana mteja ukimpa faili ya odt, aina ya LibreOffice yenyewe, akaifungue kwa mwajiri wake, atarudi na maneno.

Kitu kilichonifurahisha bila kutegemea ni tahajia ya Kiswahili. Wakati wa kusakinisha chagua Custom, tafuta kamusi ya Kiswahili, iwashe. Barua ya Kiswahili haiwi tena bahari ya mistari myekundu. Vitenzi virefu vyenye viambishi vingi bado vinaishinda, lakini "shukurani" na "heshima" hailumbani nazo. Nilikuja kujua baadaye kwamba OpenOffice, ambayo LibreOffice ilichipuka kwake 2010, ilishatolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka yote hiyo nipo kwenye biashara hii na hakuna aliyewahi kunitajia.

Sasa tuje kwenye maumivu. Ukitumia LibreOffice kwa kazi unazochapa mwenyewe, utaisifu. Steshenari lakini inaishi kwa faili za watu, na hapo ndipo nilipoumia.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuja saa mbili usiku, anakabidhi kesho yake asubuhi. Kurasa 68, nakala mbili. Nikafungua, nikaona majalada yako sawa, nikabofya print. Asubuhi akarudi na furushi lake, macho mekundu: "Mama, kurasa zangu zimeongezeka." Zilikuwa 73. Yaliyomo yanasema sura ya nne iko ukurasa wa 41, ukifungua hapo unakuta katikati ya sura ya tatu. Jedwali moja limekatika, kichwa huku, tarakimu kule. Nilichapa upya zote kwa gharama yangu, kurasa 136 juu ya zile 146 za usiku, na toner yenyewe ilikuwa inaishia.

Chanzo kilikuwa fonti. Zamani faili nyingi za Word zilikuja na Calibri, na LibreOffice ina Carlito, yenye herufi za upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kwa Times New Roman ina Liberation Serif, vilevile. Lakini Microsoft walipohama kutoka Calibri kwenda fonti mpya ya Aptos, LibreOffice haikuwa na pacha wa hiyo. Ikikosa fonti inaweka nyingine, mistari inasukumana, kurasa zinazaliana. Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu, sikuijua: kwenye kisanduku cha fonti, jina la fonti isiyokuwepo kwenye mashine linaandikwa kwa herufi za mlalo (italiki). Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachoangalia kabla hata sijamwambia mteja bei.

Upande wa Calc sina ugomvi. Walimu wananiletea alama za Kidato cha Nne, naweka madaraja kwa mstari mmoja, =IF(C2>=75;"A";IF(C2>=65;"B";IF(C2>=45;"C";IF(C2>=30;"D";"F")))), naburuta hadi mwanafunzi wa mwisho. Kuna mhasibu wa saccos faili yake ilikuwa inatoa makosa kwa sababu ya XLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta thamani kwenye jedwali. Nilipopandisha toleo la LibreOffice hadi 24.8 ikatulia. Faili zenye makro za Excel, zile amri zinazojiendesha ukibofya kitufe, sizipokei tena. Nyingine zinakubali nusu, na nusu ni mbaya kuliko kukataa kabisa.

Draw imeniingizia hela. Mtu anakuja na fomu ya PDF, kakosea jina, naifungua humo narekebisha. Inavunja aya kuwa vipande vya mstari mmoja mmoja, kwa hiyo kubadilisha jina ni sawa, kubadilisha aya nzima ni adhabu. Ila kuna mteja mmoja alitaka nibadilishe tarehe kwenye cheti. Huyo nilimrudishia flashi yake.

Kazi ya vyeti au barua za wazazi, ambapo majina yanatoka kwenye orodha na kujipanga yenyewe, bado inanitoa jasho. Inabidi kwanza orodha ya Calc uisajili kama hifadhidata ndipo Writer iione. Mara ya kwanza nilikesha nayo kwa barua 120 za shule moja, na kila nikidhani nimemaliza, barua ya kwanza inajirudia mara 120.

Kwa hiyo nimefanya hivi: kompyuta mbili zina LibreOffice pekee. Ya tatu ilikuja dukani na Office halali ya zamani, nimeirudishia, inakaa pembeni kwa faili ngumu tu. Wiki nyingine haiwashwi kabisa. Na juu ya printa nimebandika karatasi, nimeichapa kwa Writer kwa herufi kubwa: RIPOTI YA UTAFITI LETE NA PDF YAKE, maana kwenye PDF kurasa hazihami. Wanafunzi wanaisoma, halafu wananiuliza kama lazima.